Kifundo cha Mjomba Anselmi

Harufu ya mawese yanayochemka pamoja na pilipili hunirudisha kwenye kambi ya mgodi hata leo. Juzi jirani yangu alikuwa akiyapasha kwa ajili ya sombe, yaani kisamvu, na mimi nikiwa uani kwangu nikajikuta nimeacha kufua, nimesimama na shati la mjukuu mikononi, maji yakinitiririka hadi kwenye viwiko. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo hushikwa na njaa. Mimi huliona goti la baba yangu.

Lilikuwa goti la kulia, limevimba upande mmoja, na kila jioni Mama alilikanda kwa mawese ya moto huku Papa akijifanya haumii. Nitawaeleza lilivyoharibika, lakini kwanza lazima mjue Papa alikuwa nani.

Papa alikuwa beki. Simaanishi kwamba alicheza mpira siku za Jumapili kama vijana wote wa milima ya Masisi. Namaanisha kwamba mpira ndio uliompa kazi, nyumba na sahani ya kulia. Siku zile, miaka michache baada ya vita ya Wazungu kwisha, kila shamba kubwa na kila mgodi ulitaka kuwa na timu yake, na Mzungu mwenye mgodi akisikia kuna mtu anajua kucheza, alimchukua kwanza, kazi ya kumpa akaitafuta baadaye. Papa alianzia timu ya misheni. Akachukuliwa na shamba la pareto, kutoka pareto akaenda kwa wajenzi wa barabara karibu na Sake, kisha kwenye kahawa. Kila alipohama ilibidi apewe karatasi ya ruhusa na ofisi ya Wabelgiji, na Mama alizitunza karatasi zote katika mkebe wa biskuti. Kaka yangu alizaliwa kwenye pareto, dada yangu kwenye barabara, mimi kwenye kahawa.

Hakuwa mchezaji wa kuimbwa. Walimwita Kufuli, kwa sababu ukifika kwake umefika mwisho, lakini hakuna mtoto aliyetaka kuigiza kuwa yeye. Katika maisha yake yote alifunga goli moja tu, na alijifunga mwenyewe, siku ya sikukuu, mbele ya mapadri wanne. Alikuwa akilisimulia goli hilo mwenyewe, tena kwa kujivunia, akisema lilikuwa shuti zuri sana, kosa lilikuwa la mwelekeo tu.

Mwishowe tukachukuliwa na mgodi wa kasiterite, mawe ya bati, ndani ya msitu wa Walikale. Kaka na dada walibaki Masisi kwa bibi ili wasome. Mimi niliyekuwa mdogo nikaenda. Papa, mtu wa milimani aliyezoea baridi na upepo, aliuchukia msitu ule. Alisema hata mbingu zake ni za kukopa. Lakini Mama alikuwa Munyanga, binti wa kulekule, na siku tuliposhuka kutoka kwenye lori la mgodi alivua viatu akakanyaga tope akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena kokote tulikoishi.

Mwaka wa pili, mshambuliaji mmoja mnene alimwangukia Papa gotini kwa kisigino. Goti likavimba, likapungua, likavimba tena, na halikurudi kuwa goti. Tulikwisha kuanza kufunga mizigo. Lakini mwalimu wa timu alikuwa amerudi kwao, na Bwana Direkta, Mzungu mkuu wa mgodi, akaamua Kufuli awe mwalimu. Kwa hiyo tulibaki, na nyumba yetu ya matofali ikabaki yetu, mradi timu ishinde.

Sasa niwaeleze desturi ya kambi ile, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Wachezaji kumi na mmoja walipewa kazi za kivulini. Mmoja alikaa bohari, mwingine alipanga faili asizojua kuzisoma, mmoja kazi yake ilikuwa kupaka chokaa mawe ya pembeni mwa njia, akimaliza anaanza upya. Wengine wote walikuwa shimoni, na koleo, na maji yakiwafika magotini, chini ya kuta za udongo zilizokatwa wima. Mchezaji akitolewa kwenye timu, Jumatatu yake alirudi shimoni. Watu wazima walijua kwamba kila Papa alipobadilisha jina, alikuwa anampeleka mtu chini. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilidhani ni mpira.

Mjomba Anselmi alikuwa mdogo wake Mama, kitinda mimba wao. Mama ndiye aliyemwomba Papa amtoe shimoni amjaribu, na Papa alikubali kwa kumridhisha mke tu, kwa maana Anselmi hakuwa amepiga mpira mpaka ndevu zimemwota. Alikuwa mwindaji wa nyavu. Jioni moja, aliposikia Papa akilalamika kwamba mabeki wake wanamkimbilia mtu mmoja wote kama kuku, alimwuliza swali ambalo nalikumbuka neno kwa neno.

"Shemeji, kwa nini bantu yako banafukuza? Kwetu hapana muntu anafukuzaka nyama. Kila muntu anasimama kwa wavu yake. Ukiacha nafasi yako, nyama inapita pale."

Papa aliacha kula. Kesho yake aliwapanga mabeki wanne mstari mmoja, akawafunga kamba ya mtambaazi kiunoni, mmoja na mwenzake, wakatembea hivyo kiwanja kizima, mbele na nyuma, kambi yote ikiwacheka. Baada ya wiki tatu kicheko kilikwisha. Hakuna aliyepita pale, na Anselmi ndiye aliyekuwa katikati, akiwaita wenzake kwa mluzi wa mawindoni. Direkta alimsifu sana Papa kwa akili yake. Papa alizipokea sifa, na sikumsikia akimtaja mwenye wazo.

Mjomba hakuwa na mke bado, akakaa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea maji ya kunawa asubuhi. Aliniita Kapita, kwa sababu niliwaamrisha watoto wenzangu kama msimamizi wa kazi. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda kaka yangu na dada yangu, nalisema bila aibu, na wao walikwisha kunisamehe.

Wiki moja kabla ya mechi kubwa ya sikukuu, dhidi ya kambi nyingine iliyokuwa imetufunga mwaka uliotangulia, Mjomba aliteleza juu ya gogo akimbebea Mama kuni. Asubuhi nilipompelekea maji nikakiona kifundo cha mguu wake wa kushoto. Kilikuwa kimejaa, kimekuwa cheusi chini ya ngozi. Alikifunga kwa ukanda wa gome, akakaza mpaka meno yakaonekana, kisha akavuta suruali juu yake.

"Kapita, usiseme kwa muntu," aliniambia. "Itapona mbele ya mechi."

Nikamwahidi. Na kweli, wiki ile kiwanjani alikimbia vizuri kuliko wote. Direkta mwenyewe alisimama pembeni akimpigia makofi. Asubuhi tu, kabla ya kukifunga upya, ndipo alipokaa kitandani akikishika kwa mikono miwili.

Siku ya Alhamisi Papa aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, na karatasi ya mfuko wa saruji juu ya paja. Mwandiko wake ulikuwa wa kuparura, na mimi nilikuwa nasifiwa shuleni kwa mwandiko, kwa hiyo alitaka nimwandikie majina yatakayobandikwa mlangoni kwa bohari. Alinipa kalamu ya risasi.

"Vero," akasema, "wewe njo unapelekeaka mujomba yako maji."

"Ndiyo, Papa."

"Iko muzima?"

Nilitazama kalamu. Papa hakuwa mtu wa kuuliza watoto. Alitutuma na kutukataza, lakini kutuuliza, sikumbuki. Nilijiona nimekuwa mtu mzima ghafla, mtu anayeketi na mwalimu wa timu kushauriana.

"Naulizaka wewe kwa sababu wewe hautanidanganya," akasema.

"Muguu yake ya kushoto imevimba sana, Papa. Anaifungaka na gome mbele ya kutoka. Asubui hawezi kuikanyaga."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Hakukasirika, hakushangaa. Akaanza kunisomea majina, nami nikayaandika kwa herufi zangu nzuri, ulimi umenitoka pembeni ya mdomo. Jina la Mjomba halikuwamo; beki wa kati alikuwa kijana wa akiba, aliyekuwa akipaka chokaa mawe mwenye kazi hiyo akiugua. Niliandika jina lake bila kukosea hata herufi moja.

Tulishinda goli moja kwa sifuri. Wavu wa Anselmi ulisimama bila Anselmi. Yeye alikuwa pembeni, uzito wote mguu wa kulia, akiwapigia mluzi wenzake mpaka mwisho. Direkta alitoa ng'ombe. Mama alipika siku ile, na nyama nyingi aliweka kwenye sahani ya mdogo wake, akijua nini kinakuja Jumatatu. Alimwomba Papa azungumze na Direkta. Papa alisema atazungumza. Kama alizungumza, sijui.

Jumatatu nilimpelekea Mjomba maji. Koleo lilikuwa limeegemea ukuta. Nilisubiri anikemee, maana alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye mlango wa bohari kama watu wote. Alinawa uso, akaninyooshea kata.

"Kapita, maji ya leo iko baridi," alisema.

Aliondoka akichechemea, sasa hakuwa na sababu ya kuficha.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Mchana wa siku iliyofuata ukuta mmoja wa shimo ukaanguka. Walikuwa wanaume tisa pale chini. Waliusikia udongo ukikatika, wakakimbia. Wanane walifika juu.

Mama alikuwa akitwanga mihogo mikavu nilipoona wanawake wakija njiani bila mizigo. Aliweka mchi chini taratibu kabla hawajasema. Walimfukua Mjomba jioni, na sikuruhusiwa kumwona, ila niliona wakipita na kitanda cha fito, na mguu mmoja umetoka nje ya blanketi. Ulikuwa wa kushoto.

Tangu siku ile Mama hakumpigia Papa kelele hata mara moja. Nilitamani ampigie. Alimpikia, akamfulia, akamwitikia akiitwa, lakini hakumtazama usoni. Mawese alikuwa akiyaweka mezani katika kikombe, na Papa akajikanda goti mwenyewe. Mimi Mama alinivuta kwake zaidi. Alinisuka nywele kila Jumamosi, akaniimbia nyimbo za kwao, akaniambia mimi ndiye niliyebaki kumpenda ndugu yake kama alivyompenda yeye. Nilikaa katikati ya magoti yake nikitamani ardhi inimeze.

Baada ya miaka miwili Papa aliomba karatasi yake ya mwisho, tukarudi Masisi. Alilima viazi na maharage. Jumapili watoto wa misheni walipocheza chini ya kilima, alihamisha kigoda chake upande wa pili wa nyumba. Walimfuata mara nyingi awafundishe. Alikataa kwa upole, akisema goti.

Alifariki mimi nikiwa mama wa watoto wanne. Wiki moja baada ya maziko, waombolezaji wamekwisha kuondoka, tulikaa uani mimi na Mama tukichambua maharage kwenye ungo mmoja. Mama alianza kusema bila kuinua kichwa.

"Nilimuulizaka mara moja tu. Siku tulizika Anselmi. Nikamuambia, nani alikuambia muguu ya ndugu yangu iko mubaya? Akajibu, hapana muntu. Niliona mwenyewe, kwa kiwanja."

Nilitoa jiwe moja kwenye maharage, nikalirudisha palepale.

"Kama angesema kuko muntu alimuletea maneno," Mama akaendelea, "ule muntu njo ningechukia mpaka kufa. Baba yako ningemusamehea. Muntu anaweza kudanganyika. Lakini yeye aliona mwenyewe, na akamutuma kule."

Kiwanjani hakuna mtu angeweza kuona. Ninyi mnajua sasa, nimewaambia: wiki ile Anselmi alikimbia kuliko wote. Papa alisimama mbele ya mke aliyempenda, siku ya maziko, akachagua uongo huo mmoja, na akaushika zaidi ya miaka ishirini, akila chakula cha mwanamke asiyemtazama, ili mwanamke huyo aendelee kunisuka nywele.

Sijui nifanye nini na jambo hili. Kuna siku namlilia. Kuna siku namkasirikia sana, kwa sababu hakulazimika kuniuliza. Mwalimu anayejua kazi yake angemwambia beki wake avue ukanda, akauona mguu mwenyewe. Aliogopa kuuona, akamtuma mtoto aone kwa niaba yake, na alipokwisha kuelewa alichofanya, akalipia peke yake, wala hakunidai hata kwa kunitazama vibaya.

Mama alikuwa ameinua kichwa, akinisubiri niseme kitu. Uso wake ulikuwa umezeeka, na ulikuwa unanipenda.

Nikamwambia mvua inakuja, tuingize maharage ndani.