Namba Mbili za Upande wa Ziwa

Nakumbuka siku moja ambayo hasira yake haijapoa hata leo, mwanangu. Nywele zangu bado nyeusi, usiniite muzee. Lakini lililonizeesha nakuandikia sasa, maana kesho utauliza kwa nini mukono wako wa kushoto haunyooki, na watu watakujibu uongo.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, seksio ya hesabu na fizike. Injenieri mumoja akatoka Lubumbashi na antene zake, aangalie ndani ya nguzo ya baraza ya dispansere yetu, zahanati ya kando ya ziwa, bila kuivunja. Antene moja inatuma mawimbi ndani ya beto, lile zege la nguzo, zingine zinapokea yale yaliyotawanyika. Mimi naandika namba. Kisha njo hesabu: unakisia ndani ya nguzo kukoje, unatafuta mawimbi ambayo nguzo ya namna ile ingerudisha, unalinganisha na yaliyorudi kweli, unarekebisha kisio, unarudia. Kazi ya subira, kama kutoa muchanga kwenye ndakala, dagaa wetu.

Nikaanza na kisio cha nguzo nzima, iliyojaa. Namba zote zikakubali, ila mbili za upande wa ziwa. Nikarudia, zikakataa. Injenieri amelala na homa. Shefu wa kazi amesimama mulangoni na karatasi ya kusaini kwamba nguzo ni nzima.

"Sitwayeni, nguzo njo nzima. Mbili ni nini? Antene imekohoa tu!"

Nikazifuta zile mbili kwa gomu, kifutio cha penseli. Hesabu ikatulia palepale. Hata nikajisifu, mupumbavu mimi. Mudharau mwiba, muguu huota tende.

Siku ya kupima watoto tulikaa kwenye benchi la baraza, wewe juu ya magoti yangu. Nguzo ikapasuka, upande uleule wa ziwa, paa likatushukia, likauvunja mukono wako wa kushoto. Ndani ya beto kulikuwa na shimo kubwa kama sufuria, na mufuko wa simenti umekunjwa humo, mafundi wameusahau.

Shefu akaja kutuona. "Ni mapenzi ya Mungu, Mama."

"Mungu hakushika gomu," nikamwambia. "Mimi njo nilishika, na wewe ulisimama mulangoni. Toka!"

Babu yako, baba yangu, amezeeka akigonga magurudumu ya treni kwa nyundo, asikie ufa usioonekana. Hakunipa pole. Akaomba kaye yangu, daftari la zile namba, akaweka kidole palipofutwa.

"Nagonga magurudumu mia. Tisini na tisa yanaimba, moja linakohoa. Niandike lipi?"

"Lile moja, Papa."

"Basi ile nguzo hukuiuliza. Uliijibia."

Chini ya paa sikulia, mwanangu. Kwa neno lile nililia.

Sikia basi. Kitu kilichofichika hakina mudomo ila kile kinachokurudishia. Kukisia si ubaya, lazima uanze mahali. Lakini kisio kikigombana na kilichorudi, fukuza kisio. Na yule anayesimama mulangoni na karatasi akikuharakisha, mufungie mulango usoni, awe shefu, awe nani. Muficha maradhi, kilio humuumbua. Ila kilio kile kilikuwa chako, si changu, na njo maana sijamusamehe shefu yule, wala mimi sijajisamehe.

Mungu akupe sikio la babu yako. Na huo mukono wako wa kuume, unaonyooka, auongoze uandike kila kinachokohoa.