Gentrix na Matundu ya Sakafu

Gentrix Musimbi wa mtaa wa Shieywe huziba mianya. Bomba au nyaya zinapopenya ukuta au sakafu ya jengo, yeye hujaza pamba ya mawe na dawa isiyoshika moto, ili moto wa chumba kimoja usihamie kingine.

Alhamisi hiyo, kwenye jengo jipya la maduka, alimkuta fundi wa mabomba, Osiako, ameshamfanyia kazi. Matundu yote ya sakafu ya juu yalikuwa yamezibwa na kupigwa plasta safi. Jumatatu, watoto wa chekechea wangehamia huko juu.

Gentrix akapanda ngazi, akagonga plasta kwa mpini wa nyundo. Ikalia kama debe tupu.

"Umeweka nini humu?"

"Sponji ya godoro, dada. Hapo hata panya hapitangi."

"Mimi sikuitiwa panya. Niliitiwa moto."

Akapasua plasta, akachomoa kipande cha sponji, akakipeleka nje na kukiwasha katika karai la mchanga. Kikashika mara moja, kikadondosha matone yanayowaka, na moshi mweusi ukamfukuza Osiako huku akikohoa.

"Hako ni kadogo tu," Gentrix akasema.

"Lakini dari ya kufunika matundu inafungwa kesho, na mimi ndio nitaulizwa."

"Utaulizwa nikiwa kando yako. Dari itangoja."

Akarudi juu ya ngazi, akaanza kubomoa tundu la pili. Osiako akamtazama, akafuta macho, kisha akaenda kutafuta patasi yake na kuanzia upande ule mwingine.