Dawa Ndani ya Ndoo ya Aiskrimu

Dada yangu hutengeneza aiskrimu kwa mkono, nje ya lango la shule ya msingi, na mtaa mzima humwita Mama Ndoo. Ndoo yenyewe ni ya mbao, pana. Katikati husimamisha kopo la bati lenye maziwa na sukari, hujaza barafu iliyopondwa pande zote, humwagia chumvi ya mawe, kisha hulizungusha kopo huku akipiga soga mpaka maziwa yashikane.

Ukimwuliza chumvi ni ya nini, umejitakia. Atakuweka kitako.

"Barafu haitoi baridi," atakuambia. "Barafu inanyang'anya joto. Ili iyeyuke lazima ipate joto mahali, na aliye karibu ni nani? Maziwa. Chumvi inailazimisha kuyeyuka hata kama haijataka, basi inazidi kunyang'anya, mpaka yale maji ya chumvi yanakuwa baridi kuliko barafu yenyewe."

Mimi kichwa changu kigumu, lakini nimeyasikia hayo hadi nayaota. Wauza samaki hununa barafu yao ikiyeyuka. Dada yangu huchekelea, maana anajua kazi inafanyika.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole hadi anakera. Tangu ujana wake anaishi kwa sindano ya sukari, na dawa yake hukaa kwenye mlango wa friji. Sasa, asubuhi moja umeme ukakatika mtaa mzima, na jua lilikuwa kali. Mchana friji ilikuwa vuguvugu. Dada hakushauriana na mtu. Alichukua kichupa cha dawa, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakizamisha ndani ya ndoo, kwenye barafu na chumvi.

"Nimekuwekea mahali ambapo hata friji haifiki," alimwambia mumewe, kidevu juu. Nilikuwepo, na hata mimi niliona amefanya la maana.

Jioni shemeji alikwenda mwenyewe kutoa dawa yake, akajidunga, akamshukuru mkewe. Umeme ukarudi, kichupa kikarudi kwenye friji, tukayasahau.

Kesho yake shemeji alianza kunywa maji kupita kiasi. Kiu haikatiki, chooni haishi kwenda, na sindano anajidunga vilevile. Baadaye akaanza kutapika, macho yakaingia ndani, akawa anahema tu. Tulimkimbiza hospitali, dada mbele, kiatu kimoja mguuni. Daktari alipompima hakutuficha: sukari imepanda vibaya mno, na anaweza asipone. Walimtundikia dripu. Dada yangu alikaa pembeni ya kitanda akihesabu matone.

Shemeji alipoanza kupata nafuu, muuguzi akaja kumwuliza dawa ilihifadhiwa wapi.

"Kwenye friji," akajibu haraka.

"Si kweli," dada akasema. "Niliiweka kwenye ndoo yangu ya aiskrimu. Barafu na chumvi."

Muuguzi akamgeukia shemeji. "Iliganda, mzee?"

Shemeji akafumba macho.

"Niliikuta imekuwa jiwe," alisema. "Nikaipasha kwa viganja mpaka ikayeyuka."

"Dawa hii ikishaganda ndiyo imekufa," muuguzi akasema, tena kwa upole. "Hata ikirudi kuwa maji, haifanyi kazi."

Dada akamgeukia mumewe. "Uliona imeganda?"

"Niliona."

"Ukajidunga hivyohivyo. Hata unaumwa, bado unajidunga. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, mke wangu. Na barafu ndiyo kazi yako. Ningeanzia wapi kukwambia umekosea barafu?"

Mimi hasira zilinipanda hadi kooni. Watu wazima hawa, mmoja anaharibu dawa kwa mapenzi, mwingine anakaribia kufa kwa adabu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwape vidonge vyao wote wawili. Lakini dada akauchukua ule mkono usio na dripu, akauweka shavuni, akaanza kulia bila sauti.

"Siku nyingine nikikuua," akamwambia, "niambie mapema."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nitakuambia." Nami, na matusi yangu yote niliyokuwa nimeyapanga, nikatoka nje nikasimama ukutani, nikalia.