“Alikuwa Mtu Mzuri”

Jumamosi iliyopita, katika darasa langu la uandishi hapa Nengo, nilikata sentensi ya karani mmoja aliyekulia Goma. Aliandika juu ya marehemu mama yake: “Alikuwa mtu mzuri.”

“Hiyo husemwa juu ya kila marehemu,” nikamwambia. “Tuonyeshe alichofanya.”

Akaegemeza shavu kwenye kiganja. “Pardon, mwalimu. Kwa kilio ya madame wako tulikuwa pale. We mwenyewe ulisimama, ukasema ‘alikuwa mutu muzuri’, ukakaa. Donc, basi we ulituficha nini?”

Mwenzake akamvuta mkono. “We, nyamaza!”

Niliweka chaki mezani. “Mke wangu alikuwa akiimba akisafisha samaki sambaza. Akinisikia mlangoni, ananyamaza.”

“Juu ya nini ananyamaza?”

“Sijui sababu. Niliogopa nikimuuliza ataacha kuimba kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nasimama nje kwanza.”

Karani akavuta karatasi yake, akaanza kuandika upya.

Wasomaji wangu, darasani nitaendelea kuikata sentensi hiyo. Msibani mwacheni mtu aiseme. Mara nyingi ndiyo pekee inayopita kooni.