Ufunguo Uliofichwa Mno

Sogeeni, na aliye na redio aizime. Juzi katika saiba ya Bondeni, pale pa kukodi kompyuta, mjukuu wangu alitakiwa kutuma programu aliyoandika kabla ya saa sita, ama kazi apewe mwingine. Kompyuta ikagoma: haioni ufunguo wake wa SSH, ule wa siri wa kufungulia ghala la programu mtandaoni.

"Uliuweka wapi?" nikamuuliza.

"Niliuficha folda ingine, shosho. Si ulitufunza ufunguo hauachwi mahali pa kawaida?"

"Wangu wa mlango ulikuwa kwa mkebe wa unga, lakini watu wa nyumba niliwaambia!"

Akajipiga paji la uso, akaionyesha kompyuta ile folda. Kazi ikaenda.

"Mathe, huyu wako ni moto," mwenye saiba akasema. Nikakaza kitambaa kichwani.

Kumbe hata kompyuta ni mtu wa nyumba.

Nilipohama kutoka kijijini Ndabibi, kaka ya mjukuu huyu alirithi shamba. Yeye mwenyewe alirithi ule mkebe, na Jumatatu anaanza kazi.