Muundi wa Kushoto

Mguu wa kushoto ndio ulioanza. Maumivu yalikaa upande wa ndani wa muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu usio na nyama, yakashuka hadi karibu na kifundo. Mwanzoni yalikuja nikianza kukimbia na kuondoka mwili ukipata moto. Baadaye yakawa hayaondoki. Baada ya siku kumi na mbili yakaingia na mguu wa kulia, nikajiambia heri, angalau sasa sichechemei upande mmoja.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa hesabu, na mbio zangu zote kabla ya hapo zilikuwa za kuiwahi kengele ya shule. Sikuanza kukimbia kwa kupenda michezo. Nilianza kwa sababu ya saa moja na nusu.

Mamangu alilala kitandani miaka mitatu kabla ya kufariki. Dadangu mkubwa ameolewa Tudor, ana watoto, mume na mavyaa wake wa kuangalia, kwa hivyo nyumba yetu ya Mji wa Kale tulibaki wawili. Saa moja asubuhi alikuja mama mmoja tuliyemwajiri, akamwogesha na kukaa naye kutwa. Lakini kuanzia nikitoka kuswali alfajiri mpaka wakati wa kwenda shule, muda wa saa moja na nusu, mamangu alikuwa wangu mimi. Nilimgeuza, nikamtawadhisha, nikamsubiri aswali palepale kitandani, nikamlisha.

Alipozikwa, nilipanga viti vya matanga, nikapitisha kahawa, nikahesabu juzuu za hitima. Sikulia. Watu wakanisifu kwa subira, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Haikuwa subira. Sikuwa nahisi kitu, na mtu hawezi kuvumilia asichokihisi. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukaingia ganzi: unaugusa, unaona ni wako, lakini hauna habari nawe.

Ila ile saa moja na nusu ilibaki. Narudi kutoka msikitini, chumba kitupu, kitanda wamekwishakichukua, na mimi nimesimama mlangoni mikono inaning'inia. Siku ya tisa nikavaa raba nikatoka. Nilikimbia vichochoroni mpaka barabara kubwa, nikafika uwanja wa Tononoka, nikarudi. Nilipofungua mlango, wakati wa kwenda shule ulikuwa umefika. Kumbe inawezekana, nikasema.

Mwezi wa nne, mwalimu wa michezo wa shule yetu, bibi mmoja wa Kaloleni asiyependa maneno mengi, aliniona Tononoka akaniambia yapo mashindano ya kilomita arobaini na mbili. Alinipa karatasi ya mazoezi ya asubuhi mia moja na kumi, kila asubuhi imeandikwa la kufanya. Nilijiandikisha siku hiyohiyo. Medali sikuitaka. Niliitaka ile karatasi. Mtu kunipangia asubuhi mia moja na kumi nje ya nyumba ile, nilimwona amenitendea wema mkubwa kuliko alivyojua.

Wiki ya sita ya karatasi ile ndipo muundi ulipoanza.

"Mwalimu, hiyo ni kukimbia sana juu ya lami ngumu," akaniambia yule bibi wa michezo. "Pumzika. Ukipona utaanza tena."

"Nitapunguza."

"Sikukwambia upunguze. Nimekwambia upumzike."

Sikupunguza wala sikupumzika. Nilifunga bendeji. Nilikanda kwa barafu ya muuza juisi. Nilikwenda kwa mkandaji, mzee mwenye vidole kama koleo, akanipaka mafuta ya simsim ya moto na kuusugua mfupa mpaka nikaona nyota, kisha akanihakikishia kwamba damu imekwisha kufunguka. Kesho yake sikuweza kushuka ngazi ila kwa makalio. Na bado nilikimbia. Sitasema uongo: maumivu yale niliyapenda kidogo. Ndiyo pekee yaliyokuwa yakinifikia.

Kilichoniumbua ni sala. Kukaa tahiyatu ni kuikalia miundi yako mwenyewe, na ilifika Ijumaa moja nikawa siwezi. Nikaenda safu ya nyuma, kwenye viti vya plastiki wanavyokalia wazee na wagonjwa, nikavuta kimoja.

Katika mtaa wetu mtu hachukui kiti msikitini hivihivi. Vile viti vina wenyewe, na kila mmoja anajulikana ana nini: huyu goti, yule moyo, yule kiharusi. Mtu wa miaka arobaini na mitatu akikaa kiti, sala haijesha watu wamekwishampa ugonjwa. Mimi nilipewa sukari. Mama yake aliugua, wakasema, na yeye amekonda, si mumemwona? Kweli nilikuwa nimekonda. Nilikuwa nakimbia kilomita sitini kwa wiki na kula mkate mkavu.

Jumamosi wakaanza kuja kunitazama. Walikuja na madafu, na machungwa, na chupa ndogo ya zamzam. Mzee mmoja alinisomea dua mkono wake uko juu ya goti langu, na nilipotaka kumweleza kwamba ni mbio tu, alinikatiza kwa upole.

"Usione haya, mwanangu. Maradhi ni ya Mungu."

Niliwapikia kahawa nikiburura miguu, jambo ambalo halikunisaidia. Niliudhika, na kuudhika kwenyewe kulikuwa kwa mbali, kama redio ya jirani.

Habari ilivuka mpaka Tudor, na kama kawaida ilinenepa njiani. Jumapili adhuhuri dadangu aliingia na buibui lake amelivaa upande.

"Wakukata mguu lini?"

"Nani anikate mguu?"

"Mavyaa amenambia! Ameambiwa na watu wa msikitini! Mimi ndugu yako, niambiwe na mavyaa?"

Nilipandisha kikoi nikamwonyesha. Muundi ulikuwa umevimba kidogo, unang'aa. Aliuwekea kidole kimoja tu, nikaruka. Akasema tunakwenda kwa daktari, na sauti yake ilikuwa ileile ya mamangu, isiyojibiwa.

Daktari alipiga picha. Mfupa wa kushoto ulikuwa umeanza kuingia ufa, mwembamba kama unywele. Nikiendelea utavunjika. Wiki nane bila kukimbia. Mashindano yalikuwa baada ya wiki tano.

Ndani ya tuktuk, tukirudi, sikuyasikitikia mashindano hata chembe. Nilikuwa nikifikiria kesho alfajiri.

"Wajiumiza hivi kwa nini?" dadangu akauliza.

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nilimweleza mtu: saa ile, mlango, mikono isiyo na kazi. Tuktuk ilikuwa imefika mlangoni kwetu.

"Wewe umekuwa naye miaka mitatu," akasema. "Mimi nalikuwa nikija Jumapili kama mgeni. Sijui hata akiamka alikuwa akitaka nini." Akashuka, akafunga buibui. "Kesho n'takuja saa ile. Utan'eleza."

Alikuja kweli, hakujapambazuka vizuri. Aliingia chumbani kwa mama, akaketi sakafuni pale kilipokuwa kitanda, akaniashiria nami nikae. Nikanyoosha miguu yangu mibovu mbele yangu.

"Haya. Ulikuwa ukianza na nini?"

"Nalikuwa nikimgeuza. Kwanza upande wa ukuta, kwa sababu bega la kulia lilikuwa likimuuma."

"Kisha?"

"Namtawadhisha. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Miguu alitaka niipake mafuta kwanza, nami namwambia mama, mafuta baada ya udhu. Kila siku tunagombana."

Dadangu alicheka, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kisha?"

"Akishaswali namlisha uji. Vijiko saba, vinane. Akikaza mdomo, basi."

"Kisha?"

"Kisha huniuliza, 'Nawe umekula?' Namwambia nimekula."

"Ulikuwa umekula?"

"La. Hata siku moja."

Nilitaka kuendelea, kumweleza habari za kumfunga mtandio na kufungua dirisha, lakini sikufika huko. Nililia kwa sauti, jitu zima, kichwa magotini mwa dadangu, mpaka jirani akaita kutoka dirishani kuuliza kuna nini. Dadangu akamjibu kwa ile sauti ya watu waliofikwa:

"Tumefiwa na mama."

Jirani hakusema kwamba imekwisha kupita miezi saba. Alishuka akaja kukaa nasi.