Marashi Kwenye Rejeta

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wake wawili: gari lake kuukuu la Kiingereza, na mimi. Gari ndiye bi mkubwa. Asubuhi hanijulii hali mpaka alifute vumbi kwanza.

Mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini, gari likaanza kunywa maji. Rejeta inajazwa asubuhi, jioni imekauka, na chini hapana hata tone. Ila nyuma linatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Nikamwambia maji yanaingia ndani ya silinda. Akachomoa plagi moja, imelowa, akasema, "Hiyo petroli tu. Gari langu zima. Limeingia husuda." Akalifukiza udi chini ya boneti. Sasa likawa linafuka mbele na nyuma.

Ningecheka, lakini Ijumaa gari hilohilo lilikuwa limchukue mdogo wangu, bibi harusi, kutoka kwetu Mlandege mpaka kwa mumewe Kiembe Samaki. Mama yetu alikwisha kufariki, mimi ndiye niliyemlea. Likimzimikia njiani, mji mzima utatutia mdomoni.

Jumatano mume wangu akaikuta rejeta tupu. Akaingia jikoni, akachukua gudulia, akamimina lote. Kumbe ni marashi ya waridi niliyoyaweka ya kuwarashia wageni! Nilipiga kelele mpaka kunguru wakaruka darini.

"Nlidhani maji," akajitetea. "Si meupe?"

Akaliwasha gari likapata moto, akalizima, tukala tumenuniana. Alasiri akachomoa plagi zote ili anioneshe kuwa ndani kukavu, akaizungusha injini kwa hendeli. Mimi nimeinamia injini. Tundu la plagi ya tatu likanitemea maji usoni. Nikajifuta, nikanusa kiganja.

"Bwana we, petroli gani hii inanukia waridi?"

Akaninusa shavu. Akaninusa tena, na mara ya pili sidhani kama alikuwa anatafuta ugonjwa wa gari. Akaifungua injini. Gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, ilikuwa imeungua, ndipo maji yalipopenya. Akaenda madukani Darajani mwenyewe kutafuta nyingine.

Ijumaa tukafika Kiembe Samaki bila ya moshi. Ila marashi yalikuwa hayajatoka. Mama mkwe wa mdogo wangu akatupokea, akasita, akanusa boneti.

"Mwanangu, gari lenu mbona lanukia hivi?"

Mume wangu akanitazama. Mtu yule hakuwa na desturi ya kuniomba kitu, lakini siku ile macho yalikuwa yanaomba. Nikamhurumia.

"Kwetu, mama, gari la harusi hunyweshwa marashi kwanza."

Bibi harusi akainamia shela lake asicheke.

Mwaka uliofuata tukaalikwa harusi nyingine kulekule. Nje tukamkuta yule mama, mrashi mkononi, ameisimamia rejeta ya gari la watu.

"Tia tena," alikuwa akimwambia dereva. "Wale wa Mlandege walijaza."

Mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajapata kulifanya, na hakuuachia mpaka tulipoingia ndani.